Zagori, Menalon au Pelion: utembee wapi kati ya vijiji vya milimani Ugiriki?

Ukimwambia mtu unaenda Ugiriki, atakuuliza unashukia kisiwa gani. Hakuna anayeuliza mlima gani, ilhali sehemu kubwa ya nchi hiyo ni milima, na kabla barabara za magari hazijafika, watu wa huko walikwenda sokoni, kanisani na harusini kwa njia za miguu zilizotandikwa mawe. Nyingi kati ya njia hizo bado zipo. Unatoka kijiji kimoja asubuhi, unapita bondeni au msituni, unaingia kijiji kingine jioni, unavua viatu, unakula.

Sehemu tatu za bara ndizo zinazotajwa zaidi kwa matembezi ya namna hii: Zagori upande wa kaskazini magharibi, njia ya Menalon katika mkoa wa Arcadia, na rasi ya Pelion juu ya mji wa Volos. Mwenye likizo ya wiki moja hawezi kuzimaliza zote, na akitazama picha ndipo anapokwama kabisa, maana zote zinapendeza. Ushauri wangu ni kuziweka picha kando kwanza. Jiulize jioni utalala wapi, na begi lako litakuwa upande gani wa mlima wakati huo. Ukishajibu hilo, umeshachagua nusu.

Vigezo vya kupimia

Nimezipima kwa mambo matano: njia yenyewe ikoje, siku moja ina uzito gani, kufika na kurudi, malazi na chakula, kisha majira na hatari.

Mwinuko haumo kwenye orodha. Kilele cha juu kabisa nitakachokitaja ni Gamila, huko Zagori, chenye mita 2,497, kwa hiyo ugonjwa wa milima mirefu usikutie wasiwasi. Kiingilio pia hakimo. Njia zote hizi ni za bure. Na tofauti na Kilimanjaro, ambako huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, huku unajiendea mwenyewe. Ni uhuru mtamu, lakini maana yake ni kwamba ukikosea njia, hakuna wa kumlaumu.

Njia yenyewe

*Zagori.* Ni vijiji 46 katika eneo la Epirus, si mbali na mpaka wa Albania. Kila kitu ni mawe: kuta ni mawe, paa ni mawe bapa yaliyopangwa kama magamba ya samaki, vichochoro ni mawe. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza eneo hili kwenye Urithi wa Dunia. Utajiri wa kujenga haya yote ulitoka mbali. Wanaume wa Zagori walikwenda kufanya biashara Romania, Urusi na Misri, wakatuma fedha nyumbani zikajenga shule, makanisa na madaraja ya upinde. Daraja la Kokkoris ni la mwaka 1750, na lile la Plakidas lenye matao matatu, karibu na kijiji cha Kipoi, ni la mwaka 1814.

Njia inayowaleta watu hapa ni ile ya korongo la Vikos, kilomita 12 hivi kutoka Monodendri hadi kijiji cha Vikos. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliwahi kuliandika kuwa korongo lenye kina kirefu zaidi duniani ukilinganisha na upana wake. Unateremka kutoka Monodendri kwa ngazi na vijia vya kupindapinda mpaka sakafuni, halafu unaufuata mto ambao miezi mingi ya mwaka hauna maji. Hapo ndipo mwendo unapopungua bila wewe kutaka: mawe meupe ya mviringo, mengine makubwa kama ngoma, na kila hatua lazima uitazame. Njia inaingia kwenye miti, inatoka, inaingia tena. Karibu na mwisho, maji ya mto Voidomatis yanabubujika kutoka chini ya miamba, baridi kali, maangavu kiasi kwamba unahesabu changarawe za chini. Kutoka pale unapanda ama kwenda kijiji cha Vikos ama kwenda Papingo, ambako ni mbali zaidi.

Korongo si njia pekee. Kuna ngazi za Vradeto, zilizokuwa mlango pekee wa kijiji hicho kabla ya barabara, na kuna safari ya kutoka Mikro Papingo kupanda hadi kibanda cha wapanda mlima cha Astraka na ziwa la Drakolimni, lililo kwenye mita 2,050.

*Menalon.* Hii ni njia moja yenye mwanzo na mwisho: kilomita 75, vipande vinane, kutoka Stemnitsa hadi Lagkadia, ikipita Dimitsana, Zygovisti, Elati, Vytina, Nymfasia, Magouliana na Valtesiniko. Mwaka 2015 ilikuwa ya kwanza Ugiriki kupewa cheti cha ubora na shirikisho la watembea kwa miguu la Ulaya, na alama zake barabarani zinaonyesha kwa nini.

Kipande cha kwanza, Stemnitsa hadi Dimitsana, kilomita 12.5, ndicho chenye mambo mengi. Unapita korongo la mto Lousios, ambako hadithi za kale zinasema Zeus alioshwa alipozaliwa. Monasteri ya Prodromos imebandikwa kwenye jabali, vyumba vya mbao vya watawa vikining'inia juu ya utupu kama viota. Ng'ambo ya mto kuna monasteri ya Filosofou. Ile ya zamani, ya karne ya 10, imejificha mwambani kiasi kwamba ukipita unaongea unaweza usiione. Unapoingia Dimitsana unakutana na jumba la makumbusho la nguvu za maji, lenye vinu vya kusaga nafaka, kuchakata ngozi na kutengeneza baruti. Baruti ya Dimitsana ilitumika katika vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1821.

Baada ya hapo njia inatulia. Zygovisti hadi Elati ni msitu wa misonobari kwa saa kadhaa, na nitasema wazi kwamba anayetaka mshangao kila kona ataona siku hiyo ndefu. Mwenye kupenda msitu ataiona ndiyo siku bora.

*Pelion.* Pelion haina njia moja. Ina mtandao. Rasi nzima imechanikachanika kwa kalderimi, njia za mawe za nyumbu wa mizigo, zinazounganisha vijiji vya juu, mashamba ya matunda na ufuo. Ukizitazama kwa karibu utaona kila baada ya hatua chache kuna safu ya mawe iliyoinuliwa kidogo, imelazwa mkingamo, ili kwato zisiteleze. Mlima unafika mita 1,624 na bahari iko pande mbili: Aegean mashariki, ghuba ya Volos magharibi. Wagiriki wa kale walisema hapa ndiko alikoishi Khironi, nusu mtu nusu farasi, mwalimu wa mashujaa.

Matembezi ya kawaida ni Tsagarada kushuka hadi kibandari cha Damouchari, au Milies, Vyzitsa na Pinakates upande wa pili wa mlima, au Makrinitsa na Portaria juu kabisa ya Volos. Upande wa mashariki ni kijani kibichi, chemchemi zinatiririka kando ya njia, na chini ya miti kuna unyevunyevu hata siku ya jua.

Uzito wa siku moja

Vikos ni siku nzima: saa tano hadi saba kwa mtu wa kawaida. Kinachowachosha watu si umbali, ni mpangilio wake. Magoti yanaumia mwanzoni kwenye mteremko, vifundo vinachoka katikati kwenye mawe, na mlima wa kupanda unakusubiri mwisho kabisa, wakati umeshachoka. Na katikati hakuna barabara ya gari. Ukiumia mguu kilomita ya sita, mbele ni mbali na nyuma ni mbali.

Menalon unaipima kama kitambaa dukani. Kipande kifupi zaidi, Dimitsana hadi Zygovisti, ni kilomita 4.2, kirefu zaidi, Zygovisti hadi Elati, ni 14.9. Mwenye nguvu anaunganisha viwili kwa siku, mwenye watoto au mzee anachukua kimoja na mchana anakaa chini ya mti akinywa kahawa. Vytina hadi Nymfasia ni kilomita 5.6 tu. Ukitaka kuimaliza yote bila kujitesa, panga siku tano au sita.

Pelion matembezi mengi ni saa mbili hadi nne. Usidanganyike na ufupi huo. Tsagarada iko mita 500 hivi juu ya bahari, na ukishashuka kuogelea Damouchari lazima mtu apande tena, ama kwa miguu ama kwa teksi. Wengi wanapiga simu ya teksi na hakuna aibu.

Kufika na kurudi

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjikia.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen; ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ndugu zetu wenye kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingine za Schengen wanaingia bila viza nyingine. Ukitaka kukodi gari kwa leseni ya nyumbani, beba na leseni ya kimataifa ya udereva.

Zagori ni mbali zaidi na Athens. Mji wa karibu ni Ioannina, wenye uwanja wa ndege, na basi kutoka Athens huchukua karibu saa sita. Kutoka Ioannina kwenda vijijini mabasi ni machache mno, si ya kuyategemea kila siku, kwa hiyo bila gari utaishi kwa teksi. Kisha kuna mtego wa korongo lenyewe: kwa miguu, Monodendri na Papingo zimetenganishwa na siku moja ya kutembea, lakini kwa barabara gari linazunguka karibu saa nzima. Ukiliacha gari Monodendri, lazima upange nani atakurudisha. Wenye nyumba za wageni wanalijua tatizo hili na wengi watakupigia teksi. Waambie jana yake usiku, usisubiri asubuhi.

Menalon iko karibu na Athens, kama saa tatu kwa gari kupitia Tripoli. Mabasi ya mikoani, yaitwayo KTEL, yanafika Tripoli bila shida. Kutoka hapo kwenda Stemnitsa au Dimitsana ni machache, uliza ratiba kabla. Jambo la kukumbuka ni kwamba njia inakupeleka mbele tu, na Lagkadia siko ulikoanzia. Wengine wanalala kijiji kimoja, Dimitsana au Vytina, na kutembea vipande vya karibu kwa kurudishwa na teksi. Ni njia nzuri kwa asiyetaka kubeba shanta zito.

Pelion ni rahisi kuliko zote. Volos ni mji mkubwa, mabasi kutoka Athens huchukua saa nne na kitu, na mabasi mengine yanapanda vijijini. Kuna pia treni ndogo ya zamani ya Milies, Moutzouris, reli yenye upana wa sentimita 60 iliyosimamiwa ujenzi wake na mhandisi wa Kiitaliano Evaristo De Chirico, baba wa mchoraji Giorgio de Chirico aliyezaliwa Volos mwaka 1888. Dhoruba Daniel ya Septemba 2023 iliharibu sana Volos na Pelion, kwa hiyo hakikisha kama treni inatembea kabla ya kuijengea siku yako.

Malazi na chakula

Kote utapata nyumba za wageni za familia ndani ya majengo ya kale, na mara nyingi anayekukaribisha ndiye aliyepika kifungua kinywa. Zagori zimekaa kifahari kidogo, zenye meko ya kuni. Menalon malazi ni mengi Stemnitsa, Dimitsana na Vytina, machache sana vijiji vya mwisho; Valtesiniko weka nafasi mapema. Pelion ina vyumba vingi kuliko zote, ila Agosti hujaa wageni wa ufukweni wasio na habari na matembezi.

Chakula ni sababu tosha ya kutembea. Zagori ni nchi ya pai: pai za jibini, pai za mboga za porini, na ile ya unga iitwayo alevropita, nyembamba, yenye jibini la feta juu na ukingo unaokatika kama chapati iliyokauka vizuri. Arcadia wanajivunia asali, hasa ya misonobari ya mlima Menalon inayouzwa Vytina. Pelion ina spetzofai, soseji na pilipili hoho kwenye mchuzi wa nyanya, na samaki kwa kuwa bahari iko chini tu.

Kwa wasiokula nguruwe, na wanaotafuta nyama ya halali: vijijini usitarajie. Spetzofai uiache, na uliza kuhusu nyama ya kusaga kwenye pai. Lakini hutalala njaa. Maharage ya fasolada, mboga za majani zilizochemshwa na kutiwa limau na mafuta ya zeituni, jibini, mayai na pai za mboga vipo karibu kila mkahawa. Pelion inampa nafuu zaidi mtu huyu kwa sababu ya samaki.

Majira na hatari

Zagori ni ya kuanzia Mei hadi Oktoba. Huko juu Drakolimni theluji inaweza kuwepo hata mwanzoni mwa Juni. Majira ya maji mengi, sakafu ya korongo hubadilika. Uliza kijijini kabla ya kuteremka, na mvua ikitabiriwa, acha. Beba maji angalau lita mbili, maana chemchemi njiani si za kutegemea.

Menalon ni tamu zaidi Aprili hadi Juni, kisha Septemba na Oktoba. Majira ya baridi kunanyesha theluji. Mlima Menalon wenyewe una kituo cha kuteleza kwa ski. Magouliana, iliyo zaidi ya mita 1,200, ina baridi ya usiku hata wakati wa joto.

Pelion inatembeka karibu mwaka mzima sehemu za chini. Adui wake ni mvua: mawe ya kalderimi yamesuguliwa na karne za kwato, katikati yanang'aa, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Tembea pembeni, na beba fimbo. Baada ya dhoruba ya 2023 njia kadhaa ziliharibika, basi usitegemee ramani ya zamani pekee.

Kwa zote tatu: Julai na Agosti joto ni kali, na siku za hatari kubwa ya moto serikali huzuia watu kuingia misituni. Namba ya dharura ni 112. Nyoka wenye sumu wapo, kwa hiyo usikalie jiwe kabla ya kulitazama. Zagori kuna mbwa wa wachungaji, wakubwa na wenye kazi yao. Usikimbie, usipite katikati ya kondoo, zunguka mbali ukitembea polepole. Monasterini funika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke.

Kwa hali yako, ipi?

Una siku moja au mbili za kutembea, una gari, na unataka mandhari ya kukunyamazisha: Zagori. Siku ya kwanza fanya ngazi za Vradeto na madaraja ili magoti yaamke, ya pili fanya Vikos.

Unataka kutembea siku kadhaa mfululizo, kila usiku kijiji kipya, bila hofu ya kupotea: Menalon. Kama hii ni mara yako ya kwanza kutembea Ugiriki peke yako, bila mwenzako, hapa ndipo ningekupeleka, kwa sababu alama ni nzuri na kijiji hakiko mbali.

Huna gari: Pelion kwanza, Menalon kwa kujipanga, Zagori kama bajeti ya teksi ipo.

Una watoto, au mwenzako hapendi milima kama wewe: Pelion. Wewe unashuka kwa kalderimi, yeye anashuka kwa gari, mnakutana ufukweni mchana.

Una mzazi mtu mzima anayetaka kutembea lakini si kujichosha: vipande vifupi vya Menalon ukilala Vytina, au Milies hadi Vyzitsa kule Pelion. Vikos usimpeleke, mpeleke kwenye kituo cha kutazamia cha Oxia juu ya Monodendri, akalione korongo lote bila kuteremka.

Safari yako ni Novemba hadi Machi: Pelion ya chini tu, na usiku ulale Volos.

Upo Athens kikazi na umebakiwa na wikiendi: kipande cha kwanza cha Menalon. Toka Ijumaa jioni, lala Stemnitsa, Jumamosi tembea hadi Dimitsana, Jumapili angalia vinu vya baruti kisha urudi mjini kabla foleni ya jioni haijaanza.

Na kama bado umekwama kati ya Zagori na Menalon, tazama tarehe ya tiketi: Aprili nenda Menalon, Juni au Septemba nenda Zagori.